Mwaka wa Pamba na Spiriti

Uvumilivu wangu uliisha siku mtoto wangu Imma alipomwambia mteja, "Umeangusa." Alikuwa bado hawezi kusema sentensi nzima. Alijua mama, maji, paka, na hapana, na hilo la mwisho alilipenda kuliko yote. Siku hiyo alikuwa amekaa chini ya kaunta juu ya katoni ya madaftari, anatafuna andazi, na mbele yangu alisimama mwalimu mmoja wa kutoka Sikuda, ameshika kalamu ya wino kwa ncha za vidole kama aliyeshika panya mfu. Mfuko wa shati lake ulikuwa na doa la buluu pana kama kiganja. Kabla sijafungua mdomo, Imma akatoa kichwa, akamtazama yule mwalimu kwa sura ninayoijua kwa sababu ni yangu, akasema, "Umeangusa." Mwalimu alicheka. Hajati Zamu, mwenye duka, alicheka mpaka akashika kifua. "Huyu sasa ni muuzaji kamili," akasema, "akatafutiwe leseni." Mimi sikucheka. Nilichukua chupa ya spiriti iliyokuwa juu ya kaunta, nikaenda nayo mlangoni, nikaimwaga yote mtaroni mbele ya watu waliokuwa wakisukuma mikokoteni kwenda mpakani. Harufu ikapanda kama ya wodi. Hajati akaniuliza kwa upole, "Mama Imma, una homa?" Nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa, maana yeye sasa ni marehemu na mimi nilikula chakula chake.

Alikufa mwezi uliopita, nyumbani kwa wanawe Tororo. Nilipopata habari, mazishi yalikuwa yameshapita, kwa hiyo nilifika siku ya dua. Nikakaa mkekani na wanawake, nikapewa pilau na chai ya tangawizi, nikawa nasikiliza. Kila mtu alikuwa na jambo zuri la kusema juu yake. Huyu alilipiwa shule, yule alipewa mahali pa kulala, mwingine alizalishwa na Hajati mwenyewe nyuma ya stoo siku ya mvua. Mama mmoja mwenye buibui la kahawia akanigeukia. "Na wewe ulikuwa nani kwake?" Nikasema nilimfanyia kazi dukani, Busia, mwaka mmoja. "Mliachana vizuri?" Nikasema, "Vizuri sana." Hapo nikasikia sauti begani kwangu, sauti niliyokuwa sijaisikia kwa miaka: "Mdomo wako bado unapinda upande mmoja ukidanganya." Alikuwa Athieno. Amenenepa, amefunga kitambaa cha maua, anauza vitenge Tororo mjini. Akakaa karibu yangu bila kuomba nafasi, kama zamani tulipokuwa tukilala godoro moja, akaanza kuchambua nyama kwenye sahani yangu. Kama kuna mtu duniani ambaye sikutegemea kumkuta kwenye msiba wa Hajati, ni yeye, kwa jinsi tulivyomfanyia. Yaani kwa jinsi nilivyomfanyia mimi.

Sitaeleza nilitoka kwa nani wala baba wa mtoto ni nani. Hayo hayana kazi hapa. Inatosha kusema nilimaliza sekondari nikiwa na mimba niliyoifunga kwa sweta, na mwaka uliofuata nilikuwa Busia, upande wa Uganda, na mtoto mgongoni, nauliza kazi mlango kwa mlango. Hajati hakuniuliza cheti. Aliuliza, "Anakula nini huyo?" Nikasema ananyonya. "Na wewe unakula nini ili anyonye?" Akaniketisha nyuma ya duka, akanipa chapati na maharage, na jioni hiyohiyo nilikuwa nimeshapewa chumba. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la wavu lililotazama ua, ukuta mmoja umejaa katoni za karatasi mpaka juu, na ndani kulikuwa na harufu ya gundi, vumbi la chaki na mafuta ya nywele. Mafuta hayo yalikuwa ya Athieno, aliyesuka watu saluni ya jirani na kupanga kwa Hajati. Tuligawana godoro, jiko la mkaa na Imma. Athieno alitoka upande wa Mulanda, na alikuwa na mdomo. Asubuhi ya kwanza alimwinua Imma juu, akamkagua mbele na nyuma, akasema, "Huyu ni mzuri. Ulimwiba wapi?" Kwa miezi mingi, kitu pekee tulichogombania ni nani atakwangua ukoko wa sufuria.

Duka liliuza madaftari, rula, kadi za harusi na kalamu. Biro zilikuwa kwenye kopo, mtu anachukua mwenyewe. Kalamu za wino zilikuwa kwenye kabati la kioo, zimelazwa juu ya kitambaa chekundu, na hizo ndizo zilizomfanya Hajati ajulikane pande zote mbili za mpaka. Anayeshangaa nani bado ananunua kalamu ya wino hajawahi kutia saini kitabu cha ndoa kanisani. Wakuu wa shule walizinunua, maustadhi walizinunua, watu wa vyeti vya ubatizo walizinunua, na mabibi harusi zaidi ya wote. Hizi zetu zilikuwa za rezini, ile plastiki ngumu ya kung'aa, zililetwa na Mkenya mmoja aliyevuka nazo ndani ya sanduku la vipodozi. Zilikuwa za rangi ya asali, za kijani cha chupa, nyingine zina mawimbi meupe ndani kama maziwa yanayokorogwa. Ukiinua moja kuelekea dirishani, mwanga unaingia na kukaa humo. Nazikumbuka zote. Na zilikuwa nzuri kweli, hazikuwa za uongo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Zingekuwa takataka, ningelala.

Kosa lilikuwa kwenye kupima. Pale mpakani kila mtu ameshauziwa simu yenye udongo ndani, kitenge kinachochuja, dawa ya meno ya chokaa. Kwa hiyo hakuna aliyenunua kitu bila kupima, na kila bidhaa ilikuwa na kipimo chake. Cha kalamu kilikuwa pamba na spiriti. Unachovya pamba kwenye spiriti ya vidonda, unasugua kalamu nzima, na kifuniko ndani na nje, halafu unamwonyesha mteja. Feki inaacha rangi. Orijino inaacha pamba nyeupe. Sijui nani alianzisha, lakini wote waliamini, na Hajati aliifanya kazi hiyo kama mganga. "Mama, hii ni orijino ama mnatuuzia?" mteja anauliza. Hajati hajibu. Anavuta chupa, anachovya, anasugua taratibu, anainua pamba mbele ya pua ya mtu. "Sema mwenyewe. Pamba iko rangi gani?" "Iko nyeupe." "Basi nenda na amani." Watu waliokuwa wamekuja kununua bahasha tu walisimama kutazama. Mimi nilifundishwa wiki ya kwanza. Nikaongeza na yangu: kila asubuhi kabla ya kufungua nilizifuta zote kabatini kwa spiriti, zing'ae. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kusifiwa, na nilisifiwa.

Halafu zikaanza kurudi. Mteja anarudi baada ya wiki kadhaa, vidole vya buluu, anasema inavuja. Ukiitazama huoni kitu. Inabidi uizungushe polepole kwenye mwanga ndipo unauona ufa, mwembamba kuliko unywele, umeanzia kwenye hesi, pale kifuniko kinapojifunga, umepanda kama mzizi. Wino ukishaingia humo unachora mstari wa buluu usiofutika. Nyingine ziliota nyufa nyingi ndogondogo kwenye mdomo wa kifuniko, kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Mwanzoni Hajati alimlaumu Mkenya. Nilikuwa nawasikia wakigombana kwenye simu, spika imefunguliwa. "Mathe, mzigo ni poa, mimi nazo hapa na hazina noma." "Hazina noma kwako, kwangu zinalia." "Basi ni jua ya huko kwenu, ama ni wateja wako wanaziangusha." Nadhani neno lilitoka hapo. Hajati alikata simu, akasema kama anayejaribu kiatu, "Wanaziangusha." Na kweli, nani hajawahi kuangusha kalamu? Mteja ukimwambia umeiangusha, anaanza kukumbuka. Anasema, labda mtoto. Labda kwenye bodaboda. Anaondoka akiwa amejilaumu mwenyewe. Nikalishika neno lile vizuri kuliko Hajati. Nililisema kwa huruma, kichwa nimekilaza pembeni: "Pole, umeiangusha."

Nilijuaje ukweli? Kwa kalamu ya Hajati mwenyewe. Alikuwa nayo moja nyeusi, alipewa na marehemu mumewe Haji siku alipomwoa, na ilikaa kwenye mkoba wake pamoja na tasbihi na peremende. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaanguka. Niliiona ikidondoka sementini, niliona mpagazi akiikanyaga na gambuti, niliona Imma akiitafuna. Haikuwa na ufa hata mmoja. Siku moja nilitaka kuing'arisha, nikaisogelea na pamba, Hajati akanipiga kofi mkononi. "Hiyo haipimwi. Aliyenipa alinioa, nimpime nini tena?" Neno hilo lilinikaa kichwani. Nikakumbuka kulikuwa na boksi la kalamu lililosahauliwa stoo chini ya kalenda za zamani, halijawahi kuguswa. Nikalifungua. Zote nzima. Nikachukua mbili za rangi moja, nikaifuta moja kwa spiriti, nyingine nikaiacha, nikazificha juu ya katoni chumbani. Niliyoifuta ikaota unywele kwenye hesi. Nyingine haikuwa na kitu. Athieno alinikuta nimeziinua dirishani. "Unasali?" akaniuliza. Nikamwambia nahesabu rangi. Kwa nini sikumwambia ukweli siku hiyo, sijui. Angekuwa anajua.

Nilimwambia Hajati mchana, tukichambua mchele uani. Nilimweleza yote, nikamwonyesha hizo mbili. Alivaa miwani, akazigeuza muda mrefu, wala hakubisha. Hilo lazima niliseme, hakubisha. Aliweka ungo chini. "Nimekusikia," akasema. "Sasa na wewe nisikilize. Mteja akisema pima, nimwambie nini? Nimwambie za kwangu hazipimwi? Hapa kitu kisichopimwa ni feki, mama. Kabla ya Ijumaa watakuwa wamemaliza kulisema duka hili mpaka Malaba." Nikasema tuwaambie ukweli, spiriti inapasua. "Nani ataamini? Wataona nimeishiwa pamba." Akaokota changarawe, akaitupa kwa kuku. "Na nikifungiwa duka, wewe na huyu mtoto mtakula wapi?" Hakunitisha. Angekuwa anatisha ningejua la kufanya. Alikuwa ananiuliza kweli, kama alivyoniuliza siku ya kwanza anakula nini huyo. Jioni alipika samaki wa nazi, akampa Imma kichwa. Asubuhi nikafungua duka, nikachovya pamba.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa najua, na kila pole niliyoitoa nilikuwa naijua. Nilijifunza kuupata ufa kwa ukucha kabla macho hayajauona, unapitisha kucha kwenye hesi, inakwama kidogo sana. Zilizokwama nilizipanga mbele ili ziuzwe kwanza. Imma alikuwa chini ya kaunta, ananyonya kidole, anasikia.

Athieno akaposwa na Owor, kijana mpole wa kutoka Kirewa aliyechoma matofali. Chumba chetu kikajaa mambo ya harusi, viatu ndani ya sufuria, gauni limening'inizwa juu ya katoni za karatasi. Kanisani kwao kulikuwa na desturi iliyokuwa imeshamea wakati ule. Kalamu ya kutia saini inaletwa na upande wa bibi harusi, na watu wakishatia saini, mama mkwe anaipokea kwa mikono miwili, anaipeleka nyumbani kwake, inakaa kwenye kabati la vyombo. Wageni wanaonyeshwa. Kwa hiyo kalamu hiyo haikuwa ya kuandikia tu, ilikuwa sura ya binti kwa mama mkwe. Nilimtengea Athieno moja ya lile boksi la stoo, ya rangi ya asali, haijaguswa na tone la spiriti. Nilikuwa na furaha. Nilijiambia, hii moja itakuwa safi.

Alikuja kuichukua na mjomba wake, mzee mrefu mwenye koti, aliyekuwa ametapeliwa simu mpakani na hajasahau. Nikaitoa. "Pima," mjomba akasema. Athieno akacheka. "Mjomba, huyu ni dada yangu, tunalala godoro moja. Atanipa feki?" "Dada ni dada na feki ni feki. Pima tuone." Hajati alikuwa kwenye kiti chake, anakunja bahasha, ameniinulia macho. Kulikuwa na birika la maji pale pale karibu na chupa. Ningechovya pamba kwenye maji. Maji tu. Pamba ingetoka nyeupe vilevile, mzee angeridhika, Hajati asingejua, na mimi nisingekuwa naandika haya. Nimeyawazia yale maji kuliko nilivyomwazia baba wa mtoto wangu. Mkono ukaenda kwenye spiriti. Ulikuwa umezoea. Na kwa sababu mzee alikuwa ananikodolea, nikasugua sana, kwenye hesi, ndani ya kifuniko, tena na tena, kama ninayeosha sufuria ya mgeni. Nikainua pamba. "Iko nyeupe," mjomba akasema, akatingisha kichwa kwa heshima. "Huyu dada ni mkweli."

Harusini nilikuwa kwenye benchi la nyuma, Imma amelala mapajani. Nilijua kabla ya wengine. Athieno alipofungua kile kifuniko, wino ulikuwa umejaa ndani, ukamwagikia glavu, ukashuka kwenye gauni, tone moja likaanguka juu ya kitabu. Katekista akavuta pumzi, kanisa zima likamsikia. Owor akatoa leso yake, akapangusa, wakamaliza kutia saini, vidole vya wote wawili vikiwa buluu. Mama mkwe akapokea kalamu kwa mikono miwili kama desturi, na alipofika kwenye benchi lake leso yake nyeupe ilikuwa imelowa. Baadaye, jikoni nyuma ya nyumba, nilikuwa naosha sahani na kusikia wanawake wakisonga kwon, ugali wa wimbi. "Mkono wake hauna utulivu, uliona?" "Kalamu imemshinda, sasa chungu kitamweza?" "Mwache, huyo ni wa saluni, amezoea kushika nywele." Wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Wewe si ndiye rafiki yake? Ni mtu wa kuangusha vitu?" Nikasema sijui. Hata hapo, nikasema sijui.

Haikupita muda mama mkwe akaja dukani mwenyewe, na Athieno nyuma yake. Alikuwa mama mfupi mwenye gomesi iliyopigwa pasi vizuri, hakuwa na ubaya usoni. Akaifungua ile leso juu ya kaunta, kalamu ikiwa ndani, mstari wa buluu umezunguka hesi yote. "Mimi sikukuja kwa pesa," akasema. "Sitaki pesa, sitaki ingine. Nataka kujua tu. Kitu hii ilitoka hapa imepasuka, ama huyu msichana aliangusha akaficha? Kama aliangusha, ni kitu kidogo. Lakini anasema hapana, na mimi nataka kujua mtu gani ameingia kwangu, anayesema kweli ama anayeficha." Hajati akaniangalia. Akasema taratibu, "Aliyeuza ni huyu. Muulize." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisukumia mzigo au ananipa nafasi. Athieno alikuwa ananitazama mdomo. Wala hakuniomba. Alikuwa ametulia kama mtu anayengoja chenji yake halali. Nikalaza kichwa pembeni. "Iliondoka hapa nzima, mama. Tuliipima, mjomba wake ni shahidi. Ameiangusha." Mama mkwe akakunja leso. Athieno aliinama, akamfunga Imma kifungo cha gauni kilichokuwa kimefunguka, wakatoka.

Sasa unaelewa kwa nini nilimwaga ile spiriti. Nilikuwa nimevumilia kujisikia mwenyewe. Kumsikia mtoto wangu akilisema neno lile, kwa sauti yangu, kichwa amekilaza pembeni, sikuweza. Nilimbeba vilevile na andazi lake mkononi, nikaenda ofisi ya umoja wa wafanyabiashara wa soko. Katibu alikuwa anakunywa chai. "Unalalamika juu ya nani?" "Duka la Hajati Zamu. Na mimi." Akanitazama. "Mtu hawezi kujilalamikia, dada." Nikamwambia aandike. "Andika mwenyewe, wewe naona umesoma." Akanisukumia karatasi na biro, na akamkatia Imma kipande cha chapati. Niliandika nimesimama. Kisha nikachukua vitu vyangu wakati Hajati ameenda kuswali adhuhuri, kama mwizi, nikavuka mpaka. Sikumuaga. Ningeweza kukaa naye uani, juu ya ule mkeka wa kuchambulia mchele, nikamwambia usoni kama mtu aliyekula kwake. Nilikwenda ofisini kwa sababu ofisi haina macho. Kwa miaka yote hii nilijiambia ile karatasi alifungiwa mtu karanga, na kwamba Hajati, alipoitwa, alicheka akashika kifua. Hasira hiyo ilinisaidia. Nililelea nayo watoto wawili.

Kwenye msiba Athieno alimaliza nyama yangu yote, akafuta vidole, ndipo akaniambia. Hajati aliitwa ofisini, akasomewa. Hakukana. Siku iliyofuata alikwenda Kirewa mwenyewe kwa bodaboda, na goti lake bovu, na sukari na sabuni kapuni. Alikataa kiti. Alikaa chini uani, akamwambia mama mkwe, "Mkweo hakuiangusha. Tuliipasua sisi, kwa kuipima." Akatoa kwenye mkoba ile kalamu nyeusi ya Haji, akaiweka mikononi mwa yule mama. "Bado iko kabatini," Athieno akasema. "Wajukuu wanaiangusha kila Krismasi." Nikamuuliza, mimi alinisemaje. Athieno akanitazama mdomo, kama siku ile. "Hakukutaja. Mama aliuliza, yule msichana wa dukani je, mbona alisema vile? Hajati akasema, yule ni mtoto, neno lile nilimfundisha mimi." Halafu Athieno akaniuliza kama Imma bado anapenda ukoko. Nikamwambia bado. Wanawake walikuwa wanaitikia dua, amina, amina, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao na sahani tupu, nina hasira kali na sina wa kumpa.

Karatasi ile sikubaki na nakala. Lakini niliiandika kwa mkono wangu na naijua, na kwa kuwa haya ni maisha yangu, naiweka hapa kama ilivyokuwa.

Kwa Mwenyekiti, Umoja wa Wafanyabiashara wa Soko, Busia.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KALAMU ZA WINO ZINAZOPASUKA

Mheshimiwa, nalalamika juu ya duka ninalofanyia kazi. Kalamu za wino za rezini zinazouzwa pale ni nzima zinapofika. Zinapasuka kwa sababu tunazisugua na spiriti kuwaonyesha wateja si feki. Ufa hauonekani siku hiyo, unatokea baadaye. Mteja akirudi anaambiwa ameiangusha. Mwenye duka anajua. Mimi nilijua kabla yake, na ninayesugua ni mimi.

Siombi duka lifungwe. Mwenye duka amenilisha mimi na mtoto. Naomba pamba na spiriti viondolewe kwenye maduka yote ya kalamu hapa sokoni, na wateja waelezwe.

Pia naomba mtu wa ofisi hii aende Kirewa kwa mama yake Owor, mchoma matofali, amwambie kwamba mkwewe Athieno hakuiangusha ile kalamu. Aliulizwa akasema kweli. Niliulizwa mimi nikasema uongo, mbele yake, na mtoto wangu alikuwa anasikia.

Ni mimi muuzaji.